Nusu eka ya jirani: shajara ya bustani yetu ya hori, Jomvu

Januari 13

Naanza kuandika leo kwa sababu kikao cha jana kimepitisha jambo tulilolizungukazunguka miaka mitatu: tutajaribu kuinunua ile nusu eka iliyopakana na bustani. Mimi ni katibu wa kikundi. Wenzangu wamenitaka niweke kumbukumbu ya kila hatua, ili watakaotaka kufanya kama haya kule Mikindani, Mtongwe au Kisauni wasianzie gizani kama tulivyoanza sisi.

Kwa asiyepajua hapa petu: bustani ni eka moja na robo. Mbele ni hori ya Tudor na mikoko yake, nyuma ni nyumba za mtaa. Ardhi ni ya umma, ilitengwa siku mtaa ulipokatwa viwanja, ikageuka jaa la taka, nasi tukalisafisha kwa mikono na mikokoteni. Leo ina mikungu, mikwaju miwili, mbuyu mmoja wa zamani sana, kitalu cha miche ya mikoko, na uwanja wa watoto. Jumapili jioni pa kukaa hapapatikani.

Ukitazama maji, kushoto kwako kuna seng'enge. Nyuma ya seng'enge ni kibonde chenye nyasi, mwembe mmoja mkubwa, na pembeni kabisa, karibu na barabara, nyumba ndogo ya udongo. Hiyo ndiyo nusu eka ninayoisema.

Benki tuna milioni 1.9. Wanachama ni 63, kila mmoja hutoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Bei ya ardhi hatujaiuliza bado.

Februari 11

Bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Tulishuka saa tisa na nusu alasiri tukangoja maji yajae. Hori hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, na nilitaka kila mwanachama aone kwa macho yake kwa nini tunakitaka kibonde, wala si kiwanja kingine chochote cha rahisi.

Mikoko haioti ovyo. Kila aina ina kima chake cha maji. Mlilana husimama mbele kabisa, mkoko wenyewe nyuma yake, kisha mkandaa. Na mchu, ambao hustahimili chumvi nyingi, huuona mbele na huuona tena nyuma kabisa, mwisho wa maji. Bahari ikipanda, safu nzima hurudi nyuma hatua kwa hatua, mradi iwe na pa kurudia. Ikikuta ukuta au kifusi hubanwa katikati, na mti uliobanwa na maji kila siku mizizi yake hukosa pumzi ukafa. Wazee wa hapa hawahitaji kuhadithiwa mikoko hufaje. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kule hori ya Mwache, mizizi ikafukiwa, na sehemu kubwa ya msitu ikabaki vijiti vikavu.

Mikoko yenyewe ni msitu wa serikali tangu 1932. Ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 62. Lakini pale mikoko itakapohitaji kuhamia miaka ijayo ni mali ya watu, na hakuna tangazo la serikali linalokulinda hapo. Kwa hiyo mbuga, msitu au bustani inaweza kuwa na karatasi zote na bado ikafa kwa kukosa kipande kilicho jirani yake.

Maji yalipofika mwisho tulipiga vigingi. Yalikuwa yamepenya chini ya seng'enge na kuingia hatua tisa ndani ya kibonde. Tulihesabu miche ya mchu iliyojiotea yenyewe upande wa pili: 17. Hakuna aliyeipanda.

Februari 25

Tumekwenda kwa wenyewe. Ardhi ni ya marehemu mzee mmoja aliyefariki miaka sita iliyopita. Ameacha mjane, wana watatu wa kiume na binti wawili. Binti mdogo yuko Maskati.

Tulikwenda watu wanne tu, wawili wao kina mama, na hatukubeba karatasi. Ushauri huo ulitoka kwa mweka hazina wetu na ulikuwa mzuri. Mjane alitupokea barazani, shikamoo zikaitikiwa, kahawa ikaja na kaimati, tukazungumzia mvua, tukamzungumzia marehemu aliyekuwa fundi wa mashua. Ni baada ya kikombe cha pili ndipo nilipotaja kilichotuleta.

Alininyamazia kitambo. Kisha akauliza: “Na nyinyi mukishaichukua, mwanangu, mukifa itauzwa na nani?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, “Mama, swali hilo nitarudi nalo.” Nimeliandika hapa kwa herufi kubwa kwenye daftari langu, kwa sababu tangu nitoke pale sijasikia swali lenye uzito kulizidi hilo.

Machi 2

Safari ya Kwale, watu 11. Feri ya Likoni alfajiri, matatu mpaka Kombani, kisha kupanda mlima. Nilitaka tuione Shimba Hills, na zaidi ya hapo tuione Mwaluganje.

Hifadhi ya Shimba Hills iliundwa 1968. Ndiyo mahali pekee Kenya palipobaki palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu, na ilikuwa na ndovu wengi kuliko msitu ule ulivyoweza kubeba. Mwaka 2005 serikali ililazimika kuwahamisha baadhi yao hadi Tsavo Mashariki. Ndovu hao walikuwa na njia yao ya kale kuelekea msitu wa Mwaluganje upande wa kaskazini, na njia ile ilipita katikati ya mashamba ya Waduruma na Wadigo. Mahindi yakishaota, ndovu ndio wenye kuvuna. Watu walijeruhiwa, wengine wakauawa.

Wenye mashamba wangeweza kufukuzwa, kama ilivyofanywa kwingi. Badala yake walikubali kuyaacha yawe hifadhi, iliyofunguliwa 1995, bila kuuza hata pembe moja ya ardhi yao. Mashamba yalibaki yao, nao wakawa wanagawana mapato ya langoni. Hata kinyesi cha ndovu kikatengenezwa karatasi ya kuuzwa.

Nilizungumza na watu wawili wa pale kando ya barabara. Walisema jambo moja kwa maneno tofauti: watalii wakipungua, mgao hupungua, na mtu aliyeacha kulima hana ghala la kurudia. Nimeliweka moyoni. Bustani yetu haitoleta mapato ya langoni, kwani haina lango, kwa hiyo mpango wa mgao kwetu haufai. Ila kuna jambo la kuiga: walianza na watu waliokuwa wakiumia, wakawauliza wanataka nini, na ramani ikachorwa baadaye.

Kurudi tulinyeshewa kutoka Ng'ombeni mpaka ferini.

Machi 8

Majibu ya sachi, yaani upekuzi wa rekodi za ardhi, yametoka. Hatimiliki bado ina jina la babu wa marehemu. Maana yake mirathi mbili hazijafunguliwa. Hakuna deni la benki wala zuio. Wakili anakadiria miezi mitano hata sita.

Machi 24

Ramadhani. Kazi za ofisini tumezisimamisha. Mjane ametualika futari, nasi tulipeleka tende na matobosha. Tulikula uwanjani kwake, wanachama Wakristo wakiwemo, na hakuna aliyetaja ardhi. Nimeona bora niandike hivyo.

Mei 12

Masika imekuwa kali. Uwanja wa watoto uko chini ya maji, kitalu tumekihamishia ukumbini mwa shule, na kikao cha mwezi kimeahirishwa mara mbili. Nimetumia muda huo kusoma habari za mbuga za majimbo ya Marekani, kwa sababu wenzetu wale wameshughulika na jambo la kununua kipande cha jirani kwa zaidi ya miaka 130.

Niagara ndiyo mbuga kongwe ya jimbo kule. Kabla ya 1885, ardhi iliyoyazunguka maporomoko ilikuwa mikononi mwa wenye viwanda na wenye biashara, nao walijenga ua, na mgeni alilipa ili achungulie maji kupitia tundu. Jimbo la New York lilizichukua ardhi zile kwa malipo, likabomoa ua. Sisi watu wa Mombasa tunaielewa habari hiyo bila mkalimani. Ni fuo ngapi hapa unazoziona kwa kuchungulia kati ya kuta mbili za hoteli?

Lakini aliyenishika ni Percival Baxter. Alikuwa gavana wa jimbo la Maine kuanzia 1921 hadi 1925, akitaka jimbo lifanye mbuga ya mlima Katahdin. Bunge la jimbo lilimkatalia. Alipotoka madarakani, mwaka 1930, aliinunua ardhi kwa fedha zake mwenyewe kutoka kampuni ya karatasi, karibu eka 6,000 pamoja na sehemu kubwa ya mlima, akaikabidhi jimbo mwaka uliofuata. Kisha akaendelea. Alinunua kipande hiki, akangoja, akanunua kile, akabembeleza, akabadilishana, mpaka 1962, alipokuwa na zaidi ya miaka 80. Jumla ilizidi eka 200,000.

Kuna mambo mawili niliyoyapigia mstari. La kwanza, kila hati aliyoitoa aliifunga kwa sharti la amana, kwamba ardhi ibaki katika hali yake ya asili daima na ishikwe kwa ajili ya watu wa Maine. Hakuridhika na kununua. Alifunga mlango nyuma yake. La pili, hakukaza kamba pote. Wenyeji wa vijiji vya jirani walikuwa wawindaji, na baadhi ya vipande aliviacha viwindwe. Pembe moja ya kaskazini magharibi aliruhusu miti ivunwe kwa utaratibu. Angeshikilia usafi mtupu, nadhani ardhi ile asingeuziwa.

Wapo kikaoni waliotaja Bamburi, machimbo ya saruji yaliyogeuzwa msitu kuanzia 1971 kwa mivinje na jongoo wa kuozesha majani yake. Naiheshimu sana kazi ile, watoto wetu wote wamepelekwa pale kuona viboko. Lakini kiwanda kilikuwa kwenye ardhi yake chenyewe. Hakikuwa na jirani wa kumwomba, na sisi shida yetu yote ni jirani.

Juni 9

Habari mbaya. Dalali ameileta familia mteja anayetaka kibonde chote akijaze kifusi, afanye yadi ya makontena. Ametaja milioni 5. Sisi tulikuwa tumezungumza na wana wa marehemu kwa milioni 4.2.

Kosa ni letu. Mmoja wetu alisambaza bei yetu kwenye simu za wanachama wote ili kuwahimiza wachange, na bei ikatoka nje siku hiyo hiyo. Ukinunua ardhi ya jirani ya bustani, unakuwa umemwambia kila mtu kwamba kiwanja kile kina mtu anayekitaka. Tumekubaliana kwamba kuanzia leo bei itajulikana na watu watatu tu.

Kaka mkubwa wa familia ile alitupigia mwenyewe. Hakuficha. Alisema ana watoto wawili chuoni. Sikumlaumu na sitaki mwanachama yeyote amlaumu.

Juni 23

Leo nitaandika kwa urefu, maana ndipo mradi ulipokaribia kuniponyoka mikononi.

Katika kikao cha dharura, mwenzetu mmoja alipendekeza tuiombe kaunti iwasilishe ombi ardhi ile itwaliwe kwa nguvu ya sheria kwa manufaa ya umma. Sheria ipo. Kifungu cha 40 cha Katiba kinaruhusu, mradi mwenyewe alipwe fidia ya haki, kamili na kwa haraka. Barabara na reli zimepita kwa njia hiyo. Wengi walitikisa kichwa kukubali, na nilielewa kwa nini: yadi ya makontena ikishajengwa, hairudi kuwa kibonde.

Nilisimama kukataa. Pwani hii ina kumbukumbu yake. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa Mwambao waje wadai ardhi zao, na ambao hawakuja, ama hawakujua, ama hawakuwa na wa kuwasemea, ardhi yao ikahesabiwa ya serikali ya mkoloni. Wajukuu zao ndio leo tunaowaita maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa. Mtu wa hapa akisikia ardhi yake inatwaliwa kwa manufaa ya umma, hasikii neno manufaa. Bustani iliyopatikana hivyo ingekuwa na seng'enge ndani ya moyo wa kila jirani, na miti haiwezi kulindwa na majirani waliochukizwa. Tungeipanda asubuhi ikang'olewa usiku.

Na hapo ndipo mama mmoja wa kikundi, ambaye kwa kawaida hasemi, aliuliza: “Na yule wa nyumba ya pembeni je?”

Naandika haya kwa aibu. Miezi mitano tulikuwa tumeizungumzia nusu eka kana kwamba ni tupu. Ile nyumba ya udongo ina watu. Nyumba ni yao, kiwanja si chao. Ndio ule utaratibu wetu wa Mombasa ambao wageni huwa hawauelewi, mtu kujenga juu ya ardhi ya mwenziwe na kulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Baba wa nyumba ile, mvuvi, amelipa miaka 22. Watoto wake wanacheza kwenye bustani yetu. Mmoja humwagilia kitalu kwa hiari yake. Kwenye ramani yetu ya mpango nilikuwa nimechora, kwa mkono wangu, mabao ya kukalia mahali ilipo jiko lao.

Jioni nilikwenda kwake peke yangu. Nikamweleza kila kitu bila kupaka rangi. Aliniuliza tu kama atapewa muda wa kuvuna muhogo. Nimelala vibaya.

Juni 30

Kikao kimeamua kwa kauli moja: mpaka wa bustani utaikwepa nyumba. Kipande cha futi 40 kwa 80 kitakatwa, na tutaiomba familia wamuuzie mvuvi kwa malipo ya pole pole. Nusu eka ni futi za mraba 21,780. Tukitoa zake 3,200 tunabaki na 18,580, na zile zilizo muhimu, za kibonde, zote zimo. Kilichopotea ni mabao ya kukalia.

Nilikwenda kwa mjane na ramani mpya. Aliitazama sana, akafuatisha kidole pembeni ya ile nyumba. Akasema marehemu mumewe alimpa yule mvuvi mahali pale kwa mdomo, na kwamba jambo hilo lilikuwa likimnyima usingizi tangu yule mwenye makontena atokee. Siku hiyo hiyo aliwaita wanawe. Sikuwepo, na sitajifanya najua walizungumza nini. Usiku kaka mkubwa aliniandikia ujumbe wa maneno machache: mteja wa kifusi ameambiwa hapana.

Bei ya kipande chetu tumeafikiana ni milioni 3.6.

Julai 20

Mirathi ya babu imekamilika, na ya marehemu imetolewa hukumu na kadhi. Nimeomba nielezwe hesabu, maana wanachama watauliza. Mjane mwenye watoto ana thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki hugawanywa, mwana wa kiume mafungu mawili na binti fungu moja. Ukiifanya mali mafungu 64, mama ana 8, kila mwana 14, kila binti 7. Binti wa Maskati ametuma wakala kwa karatasi zilizogongwa muhuri ubalozini. Imechukua wiki tatu, si zaidi.

Agosti 17

Nimerudi na jibu la swali la Februari.

Tulikuwa tumefikiria njia ya Baxter, wadhamini waliosajiliwa wenye hati ya masharti. Nikamweleza mjane: ardhi itakuwa ya wadhamini, haitakuwa ya mimi wala ya mwenyekiti, na masharti yatasema haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani. Akanikatiza. “Hiyo si wakf?”

Ndiyo yenyewe. Nilikwenda mpaka Maine kutafuta neno ambalo lilikuwa barazani kwetu. Visima vya Mji wa Kale, misikiti, makaburi, maduka yanayolipa mafuta ya taa za msikiti, vyote vimefungwa kwa wakf tangu enzi za mababu. Sheikh wa mtaa alitukumbusha habari ya Sayyidna Umar na ardhi aliyoipata Khaibar: aizuie ardhi yenyewe na atoe sadaka matunda yake, isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, na anayeisimamia ale kwa wema.

Mwenzetu mmoja Mkristo aliuliza kama bustani ya wakf itakuwa na masharti ya nani aingie. Sheikh akamwuliza kama amewahi kukatazwa maji ya kisima cha wakf. Hakuwahi. Basi.

Wakili ataiandika hati ya wadhamini kwa masharti hayo, na ndani yake fungu la mama litaandikwa wakf kwa jina lake. Maana siku hiyo hiyo alitangaza kwamba thumuni yake, shilingi 450,000, hataki kulipwa. Nilijaribu kumkataza, kwa kuwa najua hali ya nyumba ile. Alisema ana sharti moja tu: maembe ya mwembe ule ni yake mpaka afe, na baada yake ni ya watoto watakaokuwa wakicheza pale. Limeandikwa kwenye hati, kifungu cha 6.

Septemba 14

Harambee ukumbini. Tulipata 312,000, mbali na mbuzi wawili. Fedha hizi ni za mpima, wakili na ushuru wa stempu, ambao kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4, yaani 144,000 kwa bei yetu.

Mpima amepiga bikoni, alama za mpaka. Mbili za zamani zilikuwa zimefukiwa. Moja tuliipata kwa kuelekezwa na mvuvi. Mpaka wa chini ulileta mjadala, kwa kuwa kwenye ramani ya zamani unafika mahali ambapo leo ni mikoko mitupu. Mpima ameusimamisha kwenye alama ya maji kujaa. Chini ya hapo hatununui, kwani hakuna wa kutuuzia.

Oktoba 5

Tumetia saini. Tunailipa familia milioni 3.15 baada ya zawadi ya mama: milioni 2.4 leo, na 750,000 iliyobaki kwa miezi 12, shilingi 62,500 kwa mwezi. Michango yetu ya kila mwezi ni 63,000. Shilingi 500 zinazobaki kila mwezi ndizo matumizi mengine yote ya kikundi kwa mwaka mzima, kwa hiyo mwanachama akichelewa hata mmoja, tunakwama. Nimelisema hili kikaoni na nalirudia hapa.

Mvuvi ametia saini yake siku hiyo hiyo, kwa kipande chake. Alivaa kanzu.

Familia imeturuhusu kuingia kabla ya malipo kwisha. Hatujengi chochote, hatupandi chochote mpaka tuone maji yanavyokaa.

Oktoba 19

Bamvua ya juzi na jana imekuwa kubwa kuliko zote za mwaka huu. Ijumaa asubuhi tulitoa seng'enge, mita 61, vijana sita na mkasi mmoja. Nguzo tumeziacha tatu kwa ajili ya kupimia.

Jioni saa kumi na nusu maji yalipanda kwa kibonde bila kukutana na chochote. Yalipita kigingi cha Februari kwa hatua nne, yakasimama karibu na mizizi ya mwembe. Mweka hazina ana wasiwasi na mwembe, nami pia. Tutaupima udongo wake chumvi kila bamvua, na ikibidi tutainua tuta dogo upande ule.

Miche ya mchu ilikuwa 17. Jana nimehesabu 43, na mtoto wa mvuvi akaniambia nimeruka miwili iliyo nyuma ya jiwe. Alikuwa sahihi: 45.

Yaliyobaki: awamu ya pili ya malipo Novemba 5, hati ya wadhamini iko kwa wakili, miba ya seng'enge iliyoanguka nyasini iokotwe yote kabla ya Jumapili, watoto wanakwenda pekupeku.